Chupa Haisuuzwi

Kwetu Haneti, mtu akikupa chombo umtekee maji, unakisuuza kwanza. Hata kama kinang'aa. Unatia maji kidogo, unazungusha, unamwaga, mara mbili au tatu, ndipo unajaza. Nikiwa mdogo mama aliniona namjazia mgeni kibuyu bila kukisuuza, akaninyang'anya mbele ya mgeni mwenyewe na kuanza upya. Maji tulikuwa tunayapata kwenye mashimo ya mchangani mtoni, unakaa unasubiri yachuruzike, na bado yale ya kusuuzia tuliyamwaga bila kuyahurumia. Ilikuwa heshima. Sikuwahi kuuliza kwa nini.

Ninaanza hapo kwa sababu ndipo kosa langu lilipoanzia. Sitaki mtu afikiri nilikuwa mvivu au mchafu. Nilikosea kwa usafi.

Elimu yangu ni darasa la saba. Kwa miaka kadhaa nimekuwa mwangalizi wa gati la maji katika mji mdogo, saa tatu kwa basi kutoka Dodoma. Jina la mji silitaji, maana wanaokaa humo ni majirani zangu na wengine hawajanisamehe. Gati ni kibanda cha matofali chenye koki nne ukutani, na ndani yake anakaa mtu mwenye ufunguo. Zamani tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu wa kike. Mimi nilikaa ndani kwenye koki, yeye alikaa nje kwenye foleni. Mungu aligawa vizuri, maana mimi sisemi sana na yeye alikuwa na mdomo wa watu watatu. Mwanamke akipenyeza ndoo mbele, utamsikia:

"Wee mama, ndoo yako ina miguu? Nimeiacha pale nyuma imekaa, sasa naiona imetembea."

"Ilisukumwa na upepo."

"Basi upepo huohuo uirudishe."

Foleni nzima inacheka, na ndoo inarudi. Mimi ningeiacha ipite.

Maji yenyewe yanatoka kwenye kisima kirefu, yanapanda kwenye tangi mlimani, yanatiwa dawa, yanashuka kwa bomba. Si ya chumvi. Watu wa uwanda huu wanajua maana ya kusema maji si ya chumvi. Ukiyaonja, ulimi haujikunji, chai haitoki nzito, sabuni inatoa povu. Sisi tulikulia kupima maji kwa ulimi. Ladha ikiwa nzuri, maji ni mazuri, kwisha. Tulipohamia mjini ndipo tulipojifunza kwamba kuna watu wanaoyapima kwa chupa.

Mtu wa sampuli alikuja kila mwezi kwa pikipiki, akiwa na boksi la barafu nyuma. Wa kwanza alikuwa mzee mmoja mstaarabu, aliyekaribia kustaafu. Alinisalimu kwa heshima ingawa nilikuwa mdogo kwake. Alikinga maji kwenye kichupa chembamba cha kioo, akatumbukiza kidonge, akatikisa. Maji yalipogeuka rangi ya waridi alinionyesha kwenye mwanga.

"Umeona? Dawa ipo. Ingekuwa haipo, yangebaki meupe hivihivi."

Halafu alitoa chupa nyingine, kubwa kidogo, mfuniko wake umefungwa kwa karatasi ya kung'aa. Hiyo ndiyo iliyokwenda maabara Dodoma kwa basi, kutafutwa vimelea. Alinipitishia dirishani.

"Mama, nijazie hiyo, mimi niandike."

Alinigeuzia mgongo, akaweka fomu yake juu ya tanki la pikipiki, akawa anaandika. Mimi nafungua chupa. Chini yake kila mara palikuwa na unga mweupe kidogo, kama vumbi, kama sabuni iliyokaukia. Nilisema moyoni, hawa watu wa maabara nao, chupa ya kwenda mbali namna hii hawaioshi. Nikaisuuza. Mara tatu, kama kwetu. Siku nyingine mara nne, kwa kuwaonea aibu. Kisha nikaijaza hadi shingoni na kumpa.

"Mikono yako ni safi, mama," aliniambia siku moja. "Ungekuwa muuguzi."

Nilifurahi siku ile nzima.

Majibu yalibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kitongoji. Karatasi ilikuwa na safu: jina la gati, tarehe, kiasi cha dawa, vimelea, na safu ya mwisho kabisa ilikuwa na neno moja, SALAMA au SI SALAMA. Magati mengine mawili ya kata yetu yalipata SI SALAMA mara mojamoja. La kwetu halikupata hata mara moja. Mdogo wangu alitangaza kwenye foleni: "Sisi ndio wa kwanza darasani! Anayetaka maji ya mkia aende kule chini." Wapo waliotembea mbali kuja kwetu kwa sababu ya karatasi ile. Walipita magati yao, wakaja kwenye langu.

Mvua za mwaka ule zilipoanza, mdogo wangu alishikwa na homa. Kwanza tulidhani malaria, akanywa dawa. Homa ikashuka, ikapanda. Tumbo likamsumbua. Siku moja alikuwa amelala kwenye mkeka, nami nimemletea maji kwenye kikombe, akaniuliza, "Dada, haya tuyachemshe?"

Nikamwambia, "Ya nini? Nimepita ofisini leo, nimesoma. Ni salama."

Akanywa.

Hilo ni lazima niliandike kama lilivyokuwa. Sikulisema msibani, sikulisema kwa padri. Alipelekwa hospitali, wakasema ni homa ya matumbo na utumbo umetoboka. Walimpasua. Siku ya nne akafariki. Tulimzika Haneti, karibu na mama. Tulipoanua matanga nilirudi mjini, nikafungua gati. Watu wakanipa pole kwa zamu, kila mmoja na ndoo yake, na aliyekuwa nyuma kabisa akapaza sauti, "Jamani pole mama, lakini koki ya pili mbona hujafungua?" Nikaifungua. Foleni ilikuwa kimya kwa mara ya kwanza, na ndoo zilitembea zilivyotaka.

Miezi michache baadaye yule mzee alistaafu, akaja binti. Alikuwa na umri wa kuweza kuwa mwanangu wa kwanza. Aliniamkia, nikaitikia, akaingia mwenyewe ndani ya kibanda bila kungoja dirishani. Aliifuta koki, akawasha moto wa kibiriti cha gesi, akaichoma mdomo mpaka ikafuka. Nilikuwa sijawahi kuona hivyo. Aliacha maji yatoke, akapima dawa kwa kidonge. Rangi ya waridi ilikuwa hafifu sana, lakini ilikuwepo. Aliweka chupa ya maabara mezani akageuka kuandika. Mimi kwa mazoea nikaichukua, nikaifungua, nikatia maji, nikazungusha, nikamwaga.

"Mama! Mama, usi... Basi. Umeshamwaga."

"Nimemwaga nini?"

"Dawa."

"Palikuwa na vumbi humu, mwanangu. Nimekusuuzia."

"Si vumbi, mama. Hiyo ndiyo dawa yenyewe. Hii chupa haisuuzwi."

Alinitazama kama mtu anayetafuta jinsi ya kumweleza mtu mzima bila kumvunjia heshima. Kisha akageuza ndoo, akaikalia, akanieleza taratibu. Maji ya bomba yana klorini, na klorini inaua vijidudu, lakini inahitaji muda. Ule unga umetiwa ndani ya chupa makusudi, uikate klorini makali mara tu maji yanapoingia, ili kilichomo ndani ya maji kibaki kama kilivyokuwa pale kwenye koki. Usipokuwepo, klorini inaendelea na kazi ndani ya chupa, njia nzima.

"Maana yake," alisema, "maji yanajisafisha kwenye basi. Yakifika Dodoma yanakuwa mazuri kuliko uliyowapa watu hapa."

"Na anayekunywa hapahapa?"

"Anakunywa ya hapahapa, mama. Ya Dodoma yanaishia maabara."

Nilishika ukingo wa dirisha.

"Umesuuza mara ngapi?" aliuliza. Aliuliza kwa upole, kama daktari.

"Zote."

"Zote tangu lini?"

"Tangu gati lifunguliwe. Kila mwezi. Nilikuwa nasuuza vizuri."

Nje mtu aligonga ndoo kwa kijiti. "Humo ndani kuna harusi?" Binti alisimama, akatoa chupa nyingine, akaijaza mwenyewe bila kusuuza, akaacha nafasi kidogo juu, akafunga. Kisha akanipa fomu nitie sahihi kama shahidi. Nikamwambia nitatia sahihi, ila kwanza aandike kwamba majibu yote ya nyuma ya gati hili si ya kuaminiwa.

"Fomu haina sehemu hiyo, mama."

"Hapa chini pameandikwa Maoni. Hapa ni pa nini?"

Alicheka kwa aibu. Alisema pale huwa wanaandika kama koki inavuja. Aliogopa pia, nilimwona, maana kumwandika mwangalizi ni kumwandika na yule mzee aliyekuwa akimpa chupa. Nami sikutaka mabaya yampate yule mzee. Lakini sikuiachia kalamu. Mwishowe akaandika: "Mwangalizi anaeleza kuwa alikuwa akisuuza chupa za sampuli zote zilizopita." Nikamwomba anisomee. Akasoma. Nikatia sahihi, akanipa nakala yangu.

Majibu yalikuja wiki iliyofuata. Binti alinipigia simu kabla ya karatasi kufika. Maji ya gati langu yalikuwa na vimelea vya kinyesi. Mafundi walifuata bomba, wakakuta limepasuka pale linapokatiza korongo, chini kidogo ya vyoo vya watu. Siku za mgao, maji yakikatwa, bomba linakuwa tupu na linavuta kilichopo nje. Maji yakirudi, yanakuja na hicho. Walifunga gati siku chache, wakaziba, wakasafisha njia, wakaongeza dawa. Kazi hiyo waliifanya vizuri na siwezi kuwasingizia.

Nilikwenda ofisi ya kitongoji kusoma ubao. Nilitaka kuliona neno lile, SI SALAMA, mbele ya jina la gati langu, nami nisimame pale watu wanione nikilisoma. Sikulikuta. Ile karatasi ya safu haikuwepo. Palikuwa na karatasi mpya, nzuri, yenye nembo ya halmashauri: "Wananchi wanajulishwa kuwa maji ya kata yetu kwa ujumla ni salama."

Niliisoma mara mbili. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa kwenye benchi nje anakunywa chai. Ni jirani yangu, tunasali kanisa moja.

"Mwenyekiti, mbona gati langu halimo?"

"Limo. Limo kwenye ujumla."

"Gati langu lilikuwa na kinyesi."

"Shh! Mama, na wewe. Limeshazibwa, au sivyo?"

"Limezibwa."

"Sasa?"

"Sasa naomba liandikwe. Jibu la mwezi huu, na yale ya miezi yote ya nyuma, kwamba hayo yalikuwa ya uongo."

Aliweka kikombe chini. Alinieleza kwa utaratibu, na sitasema kwamba alikuwa mtu mbaya. Alisema tukiandika maji yana kinyesi, watu hawatasubiri maelezo. Watarudi kwenye lambo wanakonywesha ng'ombe, na huko hakuna dawa hata ya kuonja. Alisema gati lilipiganiwa miaka, na kuliharibia jina ni dakika moja. Alisema, "Ripoti ni ya kata. Magati matatu, mawili mazima, moja lilikuwa na hitilafu. Kwa ujumla ni salama. Umeongopewa nini hapo?"

"Mwenyekiti, nimekaa kwenye koki miaka hii yote. Sijawahi kuona mtu akija na ndoo ya ujumla."

Mtu mmoja aliyekuwa anangojea muhuri alicheka. Mwenyekiti hakucheka. Alininong'oneza, na nadhani alidhani ananihurumia:

"Mama, msiba unauma. Tunaelewa. Lakini usitafute wa kumlaumu."

Nilimjibu nikiwa nimesimama, nikamwambia hivi. Sisemi maji yamemuua mdogo wangu. Daktari hakusema alipoupata ugonjwa, na marehemu alikuwa mtu wa kula popote. Siku ya mnada alikula nyama kwenye kila jiko. Huenda ni maji, huenda si maji. Hilo sitalijua mpaka nakufa. Ila nilimpa kikombe mkononi nikamwambia ni salama kwa sababu ubao wako uliniambia, na ubao wako ulisema hivyo kwa sababu mimi niliosha chupa. Tulidanganyana mduara mzima. Na leo wewe unajua, mimi najua, na mwenye ndoo hajui. "Wa kulaumiwa sihitaji kumtafuta," nikasema. "Niko hapa. Niandike."

"Na atakayeonekana mkosaji ni wewe."

"Nionekane."

Sijawahi kusema maneno mengi hivyo kwa mkupuo. Nilipofika nyumbani nilisahau ugali jikoni mpaka ukaungua.

Kesho yake asubuhi nilichukua chaki, nikaandika kwenye ukuta wa kibanda, juu ya koki, kwa herufi za darasani: "MWEZI HUU GATI HILI LILIKUTWA SI SALAMA. LIMETENGENEZWA. MAJIBU YA NYUMA YASIAMINIWE. CHUPA ZILISUUZWA. CHEMSHA MAJI MPAKA MAJIBU MAPYA."

Foleni ilisoma. Wasiojua kusoma walisomewa. Maneno yakaanza.

"Chupa zilisuuzwa na nani?"

"Na mimi," nikasema.

"Kusuuza nako ni kosa? Mbona mimi nasuuza ndoo yangu hapa?"

"Ndoo yako suuza. Chupa ya sampuli haisuuzwi, ndani ina dawa."

"Kumbe huyu ndiye aliyetunywesha uchafu!" Huyo alikuwa mwanamke mmoja ambaye mdogo wangu alimrudisha nyuma na ndoo yake mara nyingi. "Na mdogo mtu alivyokuwa akitamba! Wa kwanza darasani!"

"Aliibia mtihani," mwanamke mwingine akadakia, na watu wakacheka.

Iliniuma, lakini niliona kwamba ni kweli. Tulikuwa wa kwanza kwa mtihani ulioibwa. Nikamjazia ndoo yake, nikampa. Wengine walinisonya. Mama mmoja wa mtaa wa pili, ambaye watoto wake waliugua matumbo mvua zile zile, alichukua ndoo yake tupu akaondoka nayo, na huyo ndiye aliyenivunja moyo kuliko wote walionitukana.

Jioni maandishi yalikuwa yamefutwa kwa tambara bichi. Nikayaandika tena. Yakafutwa. Nikaandika tena, chaki ni rahisi. Siku ya nne mwenyekiti alikuja na kopo la rangi ya bluu na fundi wake, wakapaka ukuta wote. Ukapendeza. Rangi ilipokauka nilijaribu chaki juu yake, nikakuta inaonekana vizuri kuliko mwanzo.

"Mama, utanyang'anywa ufunguo," mwenyekiti aliniambia.

"Huu hapa." Niliutoa kwenye pindo la kanga, nikamnyooshea. Hakuuchukua. Alitazama foleni, foleni ikamtazama yeye, na watu walewale walionisonya walikuwa wakingoja waone atafanya nini. Akaondoka na kopo lake.

Lakini nilijua kwamba chaki ni yangu peke yangu. Mtu akiniuliza karatasi iko wapi, sina. Nikaamua kwenda halmashauri. Nilichukua daftari, nikaandika barua ya kurasa mbili, nikaeleza yote kuanzia mtoni Haneti, kwa mpangilio. Nikavaa gauni la kanisani. Ofisi ya masijala alikuwepo kijana mmoja, mpole, mwenye kompyuta. Aliitazama barua yangu juu na chini, hakuisoma.

"Mama, barua yako haina kichwa."

"Kichwa kipi? Anwani nimeandika."

"YAH. Lazima useme yahusu nini, ndio tujue inaenda kwa nani. Isipokuwa na kichwa inakaa hapa tu. Na ifupishe, mama. Bosi hasomi daftari."

Nilikaa kwenye benchi la koridoni na kalamu. Kufupisha kulinishinda kwa muda. Kila nilipofuta sentensi niliona kama namfuta mdogo wangu, maana alikuwa ndani ya kila ukurasa, anacheka, anarudisha ndoo za watu. Mwisho nikaona yeye asiwemo. Barua ya halmashauri si mahali pake. Atakuwa wa kumwonea huruma, na wakinionea huruma watanipa pole badala ya jibu. Nikamtoa. Nikaandika upya, mistari kumi, na juu yake kwa herufi kubwa, nikapigia mstari: YAH: CHUPA ZA SAMPULI NILIZOZISUUZA. Nikaomba mawili. Kwanza, majibu yote ya gati langu ya kabla ya yule binti yafutwe na wananchi waambiwe. Pili, majibu ya kila gati yabandikwe kwa jina la gati, yasichanganywe. Nikaambatanisha nakala ya fomu yenye maoni na sahihi yangu.

Kijana alisoma kichwa, akacheka, halafu akasoma yote mpaka chini. Akaacha kucheka.

"Mama, hii ni kama unajishtaki mwenyewe."

"Ndiyo."

"Una uhakika nigonge?"

"Gonga."

Akagonga muhuri wa IMEPOKELEWA kwenye ile yao na kwenye nakala yangu.

Nilirudi kuuliza mara tatu. Mara ya kwanza mhusika alikuwa kwenye semina. Mara ya pili barua ilikuwa mezani kwake. Mara ya tatu nilikaa mlangoni kwake tangu asubuhi na chapati zangu kwenye mfuko, na kila aliyepita niliyemzidi umri alilazimika kuniamkia, nami nikaitikia marahaba kwa sauti, hadi mhusika mwenyewe akatoka kuona ni mgeni gani anaamkiwa na ofisi nzima. Tukaongea. Hakunipokea vibaya. Alisema kweli kulikuwa na kosa katika kuchukua sampuli, na kwamba kosa hilo lilikuwa la ofisi, maana mwangalizi wa gati hatakiwi kushika chupa ile kabisa. Nikamwambia kama ni la ofisi, ofisi iandike. Kama nusu ni langu, iandike nusu. Akakuna kichwa.

Jibu lilikuja mwezi uliofuata, kwa karatasi yenye nembo na kumbukumbu namba. Nililisoma kwa kidole, neno kwa neno. Walisema majibu ya vimelea ya gati letu ya kipindi kilichopita "yasihesabiwe," kwamba sampuli hazikuchukuliwa kwa utaratibu, na kwamba kuanzia sasa ubao utaonyesha kila gati peke yake. Suala la nani alikunywa nini katika kipindi hicho halikuguswa. Nami sikuwa nimeuliza, kwa sababu najua hakuna muhuri wa kujibu hilo.

Mwenyekiti aliitisha mkutano wa kitongoji, Jumamosi asubuhi, kwenye kivuli cha ofisi. Nilimwambia kubandika hakutoshi, aisome kwa sauti. Akaisoma. Alipofika kwenye "yasihesabiwe" alikohoa, nikasema, "Rudia hapo, mwenyekiti, wa nyuma hawajasikia." Akarudia. Akaibandika, na pembeni yake akabandika karatasi ya safu, jina la gati langu likiwa peke yake kwenye mstari wake.

Mstari wa mwezi ule ulikuwa na tarehe ya sampuli tu. Safu ya mwisho ilikuwa tupu.

"Sasa hapa mbona hamna neno?" aliuliza yule mwanamke aliyedakia kwamba tuliibia mtihani.

"Chupa iko Dodoma," nikasema. "Majibu Alhamisi."

"Na leo tunakunywa nini?"

"Chemsha."

"Mkaa utaninunulia wewe?"

"Sina mkaa. Nina kuni kidogo, njoo uchukue."

Alinitazama juu mpaka chini. "Zaidi ya kuni, huna neno zuri la kutuambia? Zamani ilikuwa salama, salama, kila siku."

"Sina," nikasema. "Likija Alhamisi utalisoma mwenyewe. Likiwa baya nalo utalisoma."

Mchana wake alikuja nyumbani akachukua kuni, mzigo mzima, na asante hakusema. Nilimfungia mzigo vizuri kwa kamba, akajitwisha.